Muhuri wa Julai Mosi

Mwanamke ninayetaka kuwaeleza habari zake aliingia wizarani na fagio, mimi niliingia na cheti. Nalisema hilo mapema kwa sababu ungetuona pale ofisini, jinsi watu walivyomnyenyekea yeye na kunipita mimi, ungedhani ni kinyume. Na nitasema na hili, mkitaka kunicheka mnicheke: nilimwonea wivu miaka kumi na mmoja, tena wivu wa kukaa nao mezani na kula nao.

Ofisini tulimwita Mama Muhuri. Alifagia korido zetu miaka minne, na kila akifika masjala alikuwa anachelewa kutoka, ameegemea fagio lake anasoma migongo ya majalada. Mkuu wa masjala aliyenitangulia akamwambia akae dirishani apokee barua siku mbili tu, karani wa siku zile alikuwa anaumwa. Siku mbili hizo zikawa miaka ishirini na mitatu. Hakwenda kozi hata ya wiki moja. Alikuwa mjane, mabinti zake wawili wameshaolewa, na mama yake mzazi alikuwa bado hai, anaishi peke yake kule bondeni, chini ya kiwanda cha kusaga mawe ya chokaa.

Masjala yetu iko chini kabisa, mwisho wa korido. Kuna rafu za chuma mpaka darini, meza yangu, meza yake, na dirisha lenye kaunta ya mbao iliyoliwa na viwiko vya matarishi. Barua yoyote inayokuja wizarani inapita hapo. Yeye anaipokea, anaipiga muhuri wa tarehe, anaiandika kwenye daftari, halafu inapanda ghorofani. Muhuri wenyewe ni ule wa magurudumu madogo ya namba, na kila asubuhi, kabla hajavua hata koti, alikuwa anazungusha namba kwa ncha ya pini na kuijaribu tarehe kwenye kipande cha gazeti.

Sasa nisikilizeni kilichokuwa kinaniuma. Mkurugenzi mzima anashuka ngazi, anapita mbele ya meza yangu, mimi nimeshasimama nimefunga na kifungo cha koti, anauliza, "Mama Muhuri yupo?" Kama vile mimi ni kabati. Nilikaa miezi mitatu nikabandika vibandiko vya rangi kwenye kila rafu, nyekundu za ardhi, kijani za misitu, na orodha nikaichapa. Hakuna aliyeifungua. Walikuwa wanamuuliza yeye, naye bila kuinua kichwa anajibu, "Rafu ya nne, nyuma ya lile lenye doa la chai." Unakwenda, unalikuta. Hata vibandiko vyangu alikuwa anavisifia. "Vimependezesha chumba, bosi," aliniambia, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Mke wangu ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Siku moja mezani akaweka kijiko chini akaniambia, "Tangu uingie umemtaja huyo mama mara sita. Mimi mkeo hujaniuliza hata nimeshindaje."

"Ananivunjia utaratibu," nikasema.

"Wivu tu huo. Kula."

Mimi na utaratibu ni damu moja, ndiyo maana wakanibandika jina la Mzee Kanuni. Walidhani wananikejeli, mimi nikalipenda. Nilipopewa ukuu nilikuta daftari la barua linatia aibu. Kila jioni lilipelekwa kwa katibu msaidizi kusainiwa, na barua zikija baada ya hapo wanazichomeka chini ya saini, mistari imebanana utadhani watu kwenye foleni ya mvua. Nikatoa amri yangu ya kwanza: daftari linafungwa saa tisa na nusu alasiri, na barua itakayokuja baada ya hapo iandikwe ukurasa wa kesho na ipigwe muhuri wa kesho. Mama Muhuri alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa, bosi." Tangu siku hiyo kila asubuhi nilizikuta barua za jioni zimeandikwa juu kabisa ya ukurasa mpya, safi. Nikaridhika. Barua zenyewe zilikuwa zimeshapanda ghorofani, na mimi sikuwa na shughuli nazo tena.

Basi ikaja kesi ya kiwanda. Kile kiwanda cha chokaa kilikuwa cha kampuni ya kigeni. Vumbi lake lilikuwa limegeuza paa za bondeni kuwa nyeupe, watu wanakohoa, visima vimefunikwa kwa mabati, mpaka serikali ikakifutia leseni. Kampuni haikwenda mahakama zetu. Kumbe zamani, enzi za watawala wengine, nchi yetu na nchi yao ziliwekeana mkataba wa kulinda vitega uchumi, na mkataba ukasema mwekezaji akiona ameonewa anaweza kuishtaki nchi yetu huko ng'ambo, mbele ya waamuzi watatu wanaochaguliwa kwa kesi hiyo hiyo. Kijiji hakiwezi kumshtaki mwekezaji huko. Mwekezaji ndiye anayeweza kuishtaki nchi. Nilipoelezwa nilidhani nimesikia vibaya.

Aliyetueleza alikuwa wakili wa serikali, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, alishuka masjala akakaa juu ya kigoda akafungua jalada magotini. Akasema nchi ilishaona hasara za mikataba hiyo na ilikuwa imetoa taarifa ya kujitoa katika huo. "Mikataba mingine ukiiua inabaki na mkia, inaendelea kuwalinda miaka kumi, miaka ishirini. Huu wetu ulisahauliwa mkia. Ulikufa Juni thelathini saa sita usiku, ukafa kweli."

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa, ili kampuni iweze kushtaki, barua yake ya kukubali waamuzi ilitakiwa iwe imefika wizarani kabla ya hapo. Wao wanasema waliileta Juni thelathini jioni. Muhuri wenu unasema Julai mosi." Akageuka, akanipa mgongo. "Mama, hii barua uliipokea wewe?"

Mama Muhuri akavaa miwani, akaitazama. "Mimi. Asubuhi, nilikuwa sijafungua hata dirisha lote. Tarishi wao alikuwa na pikipiki, amelowa mvua, akaniomba kitambaa ajifute."

Wakili akamtazama kama mtu aliyeokota pete. Kesi nzima, akasema, inasimama juu ya muhuri huo. Ikithibitika barua ilifika Julai mosi, waamuzi hawana mamlaka, kesi inakufa, kiwanda kinabaki kimefungwa. Mama Muhuri akaendelea kuikunja miwani yake taratibu. Ndipo akasema mama yake anaishi bondeni, na tangu mashine zizimwe kikohozi chake kimepungua, siku hizi anaanika nguo nje.

Halafu wakili akasema maneno yaliyoniua. "Tutakwenda wote ng'ambo, mama. Wewe ndiye shahidi wetu."

Ng'ambo. Na ndege. Mimi mkuu wa masjala, mwenye cheti, sijawahi kupanda hata ndege ya kuvuka mkoa. Siku ile nilikwenda kujifungia chooni nikakaa humo mpaka mtu akagonga. Wiki nzima korido zilikuwa na habari moja tu: Mama Muhuri anapigwa picha ya pasi, Mama Muhuri amenunuliwa koti la baridi na binti zake, Mama Muhuri anafundishwa kufunga mkanda kwenye kiti. Walinzi wa getini walikuwa wanamwita "mheshimiwa". Yeye anacheka tu, anasema anaogopa juu, atafumba macho kutoka hapa mpaka huko.

Sikuvumilia. Niliandika barua kwa katibu mkuu kwamba si utaratibu karani kuisemea masjala nje ya nchi bila mkuu wake kuwepo. Nilinukuu vifungu vitatu. Nadhani walinikubalia ili ninyamaze. Nikaongezwa, shahidi wa pili, wa kueleza kwa ujumla kazi za masjala.

Kabla ya kuondoka wakili alitukalisha kila mtu peke yake. Zamu yangu ilipofika aliniuliza waziwazi, "Mzee, kuna lolote kuhusu namna mnavyopokea barua ambalo sijui? Lolote, hata dogo." Amri yangu ya saa tisa na nusu ilinijia kichwani. Sitajitetea kwamba niliisahau. Lakini nilijiambia, nikimwambia huyu binti ataiandika kwenye makaratasi yake, atamfundisha Mama Muhuri, na Mama Muhuri ndiye atakayeisema kule mbele kwa kile Kiswahili chake kitamu, na sifa zitakuwa zake. Niliitaka iwe yangu. Nikasema, "Hakuna."

Huko ng'ambo sikuona mengi. Baridi, lifti, zulia nene, chumba chenye meza ndefu na glasi za maji zilizofunikwa. Waamuzi watatu, mwenyekiti wao mzee mwenye mvi aliyekuwa anaandika kila kitu. Wakalimani walikuwa ndani ya kibanda cha kioo. Shahidi mmoja anapoingia mwingine anasubiri nje, kwa hiyo Mama Muhuri aliingia na mimi nikabaki kwenye kiti cha korido. Mlango ulikuwa na kidirisha. Sikusikia neno, ila niliona. Niliona mwenyekiti anatabasamu. Niliona yeye anaonyesha kwa vidole jinsi anavyozungusha magurudumu ya muhuri, na mawakili wa pande zote wanainama kutazama. Saa nzima na nusu. Alipotoka uso ulikuwa unang'aa, akaniambia, "Watu wazuri, bosi. Wamenipa hadi maji." Ningeweza kummwagia.

Mimi nikaingia, tai imenikaza, nimekula kiapo kwa sauti ya kutosha. Wakili wa kampuni, bwana mmoja mnene aliyeonekana amechoka, akaniuliza nimekuwa mkuu kwa miaka mingapi. Kumi na mmoja. Akaniuliza makarani wako wangapi. Mmoja na wa akiba. Akatazama karatasi yake, akasema hana maswali zaidi.

Dakika nne. Nilitazama saa ya ukutani, zilikuwa nne. Mwenyekiti akaanza kunishukuru. Nimevuka bahari, mke wangu amewaambia majirani wote, na ninaambiwa nirudi kwenye kiti cha korido baada ya dakika nne, wakati yule aliyeingia na fagio amepewa saa nzima na nusu.

"Naomba niongeze," nikasema.

Wakili wetu aliinua kichwa, akanitazama kwa macho ya kusihi. Nilimwona. Nikaendelea.

"Huyu mama aliyetangulia anapiga muhuri tu. Utaratibu wa muhuri niliuweka mimi. Hapigi kwa kupenda kwake, anapiga kwa amri yangu."

Yule bwana mnene alikuwa ameshafunga jalada. Akalifungua. "Amri gani hiyo, bwana mkuu?"

Aliniita bwana mkuu. Nikajikuta nimenyoosha mgongo. Nikaieleza yote, saa tisa na nusu, ukurasa wa kesho, muhuri wa kesho, nikaeleza na sababu zake, na aibu ya mistari iliyobanana niliyoikomesha. Mwenyekiti aliandika. Waamuzi wengine wawili nao waliandika. Sijawahi kusikilizwa namna ile maishani mwangu.

"Kwa hiyo," akasema yule bwana, taratibu sana, "barua iliyofika Juni thelathini saa kumi jioni ingepigwa muhuri wa tarehe gani?"

"Julai mosi."

"Na karani wako huwa anaifuata amri hiyo?"

"Kila siku," nikasema. "Kwangu hakuna mchezo."

Nikamtazama wakili wetu, amefumba macho. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi baridi ya kile chumba.

Wakamwita Mama Muhuri tena, na safari hii waliniruhusu nibaki, nimekaa nyuma. Wakamuuliza kuhusu amri. Akanitazama, akasita, nikaona kabisa anaona haya kwa ajili yangu. Akasema, "Kwenye daftari nilimfuata. Daftari ni lake, kama anataka barua ya jioni iandikwe ukurasa wa kesho, ni shauri lake. Lakini muhuri sikumfuata hata siku moja. Muhuri unamwambia mtu barua yake imefika lini. Ikija jioni nilikuwa naipiga tarehe ya siku hiyo hiyo, ndipo inapanda ghorofani. Hii ilikuja asubuhi ya Julai mosi. Nilimpa yule kijana kitambaa."

Niliamini anasema uongo. Nasema wazi, niliamini anasema uongo ili anishushe mbele ya watu.

Bwana mnene hakuwa amechoka tena. "Kwa miaka kumi na mmoja ulikuwa unamdanganya mkuu wako?"

"Sikumdanganya. Hakuwahi kuniuliza."

"Mama yako anaishi wapi?"

Akamwambia. Hakuficha chochote, si tabia yake. Mtu anayemkaidi bosi wake, na mama yake yuko chini ya kiwanda. Wakili wetu akaomba wapewe wiki moja wakalete majalada mengine, mihuri ilinganishwe na daftari. Mwenyekiti akasema, kwa upole, kwamba muda wa vielelezo ulifungwa miezi miwili iliyopita, na kwamba serikali ilikuwa na nafasi yote ya kujua utaratibu wa ofisi yake yenyewe. Kwenye ndege ya kurudi mimi na Mama Muhuri tulikaa viti vya karibu. Alifumba macho njia nzima kama alivyosema, na mimi nikajifanya nimelala.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi mitano. Wakili alishuka masjala na nakala iliyofasiriwa, akaniwekea mezani bila kukaa, ukurasa mmoja ameukunja ncha. Waamuzi waliona wana mamlaka, kesi iendelee. Waliandika kwamba shahidi wa kwanza alikuwa na maslahi ya kifamilia na alikiri kutotii amri halali. Waliandika kwamba shahidi wa pili, mkuu wa masjala, alijieleza bila kusukumwa, hakuwa na sababu ya kusema lisilo kweli, na maneno yake wameyapa uzito kuliko ya karani wake. Nikasoma mara mbili. Maisha yangu yote nilitaka watu waniweke mbele ya yule mwanamke, na sasa watu watatu wasomi walikuwa wameniweka, kwa maandishi.

"Serikali haitaendelea na kesi," wakili akasema. "Wameogopa. Watapatana. Kampuni inarudishiwa leseni."

Alipoondoka nilipanda ghorofani, barua zinakobaki zikishashughulikiwa. Nilikuwa nimebeba daftari la mwaka uliopita, nikatoa majalada ya huko, nikaanza kulinganisha. Barua ya halmashauri, daftari tarehe kumi na tano, muhuri kumi na nne. Barua ya chuo, daftari tarehe sita, muhuri tano. Nikarudi nyuma mwaka mwingine, na mwingine. Kila barua ya jioni, muhuri wa siku yake. Hakukuwa na hata moja aliyoisogeza. Mimi nilikuwa nakagua mistari tu, kwamba imenyooka, na tarehe za mihuri zilikuwa zimelala humo ghorofani miaka yote zikinisubiri nipande ngazi.

Nilishuka nikamkuta dirishani. Alikuwa ameniwekea fomu ya likizo juu ya meza, siku kumi, na kwenye sababu ameandika: kumhamisha mama. Mashine zimeshaanza kujaribiwa, akasema, na bibi kizee hataki kuondoka, amekaa kwenye nyumba ile tangu alipoolewa, kwa hiyo itabidi ambembeleze.

Nikasaini. Kalamu ilikuwa mkononi bado nikamwambia, "Nimeiona mihuri. Ulisema kweli."

"Najua," akasema.

"Wakili aliniuliza kabla hatujaondoka. Nikamficha. Nilikuwa naona wivu."

"Hilo nalo najua. Ofisi nzima inajua, bosi." Akaichukua fomu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo sijaweza kulimeza hadi leo. "Ungeniambia tu kwamba unaitaka safari. Mimi na ndege wapi na wapi. Ningesema naumwa, ukaenda wewe, ukawaambia barua ilifika asubuhi, ukarudi."

Akamwita karani wa akiba akae dirishani, akavaa koti lake, akaenda kumbembeleza mama yake.